Mji Unaishia Wapi? Dar, Morogoro, Dodoma na Kurudi Mwanza

Nimesharudi nyumbani, na haya nimeyapanga kutokana na daftari langu na picha za kwenye simu. Safari ilianza kwa sababu ya mdogo wangu. Anatafuta kiwanja Kisesa, nje ya Mwanza kwenye barabara ya Musoma, na kila dalali anamwambia neno lile lile: "Nunua tu, mji unakuja." Nikaona kabla hatujatoa hela niende nikawaone watu ambao mji ulishawajia. Dar es Salaam wapo wengi. Nikaazimia kwenda na daladala kila upande mpaka pale nyumba zinapokwisha.

Jumapili: Mwanza hadi Mbezi Luis

Tuliondoka Nyegezi alfajiri, nauli 75,000. Shinyanga, Nzega, Singida, Dodoma, Morogoro: siku nzima kitini, sina la kuwasimulia zaidi ya kuku wa Singida. Giza lilitukuta kabla ya Chalinze. Kuanzia Mlandizi taa za nyumba hazikukatika tena, na bado tulikuwa mbali sana na Posta, katikati ya Dar.

Tulishuka stendi ya Magufuli, Mbezi Luis. Mabasi ya mikoani yaliwahi kuishia Kisutu katikati ya mji, yakahamishiwa Ubungo, na tangu 2021 yako Mbezi. Ukitaka kujua Dar ilivyokimbia, fuata stendi zake.

Kwa wanaokuja: mkifika usiku mkubwa, laleni Mbezi. Gesti safi nilipata kwa 25,000, na bajaji ya kwenda mjini saa hiyo ingenigharimu karibu kiasi hicho hicho.

Jumatatu: Barabara ya Bagamoyo

Nilianzia Posta asubuhi, nikanywa chai na chapati mbili kwa 1,500. Upande huu ndio wa mji wenye nafasi. Unapita Mikocheni na Kijitonyama, na Sinza iko ng'ambo kidogo. Maeneo hayo yalipimwa miaka ya 1970 chini ya mradi wa viwanja na huduma: serikali ilichora mitaa, ikaweka barabara na maji, mwananchi akajijengea. Hadi leo gari la takataka linaingia, la zimamoto linaingia. Nawaomba mlikumbuke hilo tutakapofika Chanika.

Foleni ilituganda Mwenge, ikatuganda tena Tegeta. Hapo kiwanda cha saruji cha Wazo, kilichoanza kazi 1966, kimezungukwa na makazi. Kilijengwa porini, mbali na watu. Pori limekwisha, na watu wamelifuata vumbi.

Bunju sikukuta mwisho wa mji. Nikapanda nyingine, tukavuka mto Mpiji ambao ndio mpaka wa mkoa, tukaingia Mapinga, Pwani. Kuta, mageti, misingi iliyoota nyasi, vibao vya "Kiwanja kinauzwa, bila dalali." Kabla ya kurudi nilichepuka kwa bodaboda hadi Mabwepande. Waliohamishiwa huku baada ya mafuriko ya Desemba 2011 walitoka Jangwani, mahali ambapo mtu anatembea kwa miguu hadi Kariakoo. Mama mmoja anayekaanga mihogo alinikaribisha kwenye benchi lake. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, keti." Nilimuuliza kama anaijutia Jangwani. Akasema maji hayamfuati tena kitandani, kwa hilo anashukuru. "Lakini kule nilikuwa nauza sahani ya kwanza saa kumi na mbili asubuhi. Huku wateja wangu wote wanaondoka gizani na kurudi gizani." Mihogo yake alitaka niilipie nusu bei eti mgeni, nililipa yote.

Jumanne: Barabara ya Morogoro

Mwendokasi, mabasi yenye njia yake maalumu, ulianza 2016, na kutoka Kivukoni hadi Kimara ni safari ya haraka ukishapata nafasi ya kusimama. Kimara kwenda Kibaha barabara imetanuliwa, njia nane, kilomita 19 na ushee. Ili ipatikane nafasi hiyo, mwaka 2017 nyumba nyingi zilizokuwa ndani ya hifadhi ya barabara zilivunjwa. Bado unaona kuta zilizokatwa katikati, chumba kimoja kina watu na cha pili kimebaki sakafu.

Kutoka Kibamba nilianza kuhesabu maduka ya vifaa vya ujenzi nikachoka. Barabara nne kubwa zinatoka mjini, Bagamoyo, Morogoro, Pugu na Kilwa, na jiji limezifuata kama vidole vya mkono uliotanuliwa. Nyumba ya kwanza inakaa barabarani. Ya pili nyuma yake. Ya hamsini iko bondeni, na mwenye nayo anapita kwenye ua wa ile ya tatu.

Niliishia Kibaha. Kuna takwimu niliyokuwa nimeiandika kwenye daftari kabla ya kuondoka, na hapo ndipo iliponiingia akilini. Kati ya sensa ya 2012 na ya 2022, Dar iliongezeka kutoka watu 4,364,541 hadi 5,383,728. Mkoa wa Pwani, ambao hauna mji mkubwa wake wenyewe, ulitoka 1,098,668 hadi 2,024,947. Umekaribia kuongezeka maradufu! Sehemu kubwa ya ongezeko hilo ni Dar iliyovuka mpaka. Mtu anafanya kazi Kariakoo, analala Pwani, na halmashauri inayomhesabu siyo ile anayoiachia ushuru wake wa kila siku.

Jumatano: Gongo la Mboto, Pugu, Chanika

Hii ndiyo siku niliyotaka kuwaandikia hasa.

Mvua ya vuli ilinyesha usiku kucha. Daladala ya Gongo la Mboto ilipita uwanja wa ndege polepole, kisha tukaingia Pugu. Mwalimu Nyerere alifundisha hapa Pugu, shule ya Mtakatifu Fransisko, hadi alipojiuzulu 1955 kwa ajili ya TANU. Wakati ule kutoka Pugu kwenda mjini ilikuwa safari yenyewe, kilomita kama ishirini za mashamba na pori. Leo Pugu ni katikati ya njia. Kushoto na kulia ni maduka, na msitu wa Pugu na Kazimzumbwi umebaki kwa sababu tu ni hifadhi. Popote pale ambapo hapakuwa na sheria ya kuulinda mti, pamejengwa.

Chanika nilishuka saa tatu. Lami inafika, ukiiacha tu, mambo yanabadilika. Kijana wa bodaboda aliniambia Zingiziwa ni 2,000, lakini kwa mvua ile 3,000. Tulipita vichochoro ambavyo mabega yangu yaligusa ukuta wa huku na miiba ya ua wa kule. Mahali pawili ilibidi nishuke, asukume pikipiki kwenye tope, na vijana waliokuwa wanafyatua tofali wakaja kumsaidia bila kuitwa. Hawakutaka chochote.

Mzee mmoja, mwenyeji wa asili wa pale, alitukaribisha barazani tujifute. Alikuwa na shamba la mikorosho na minanasi. Alianza kuuza kipande cha kwanza ili amtibu mkewe, cha pili ada, cha tatu bati. Vipimo ni hatua, ishirini kwa ishirini. Mashahidi wanatia saini, mwenyekiti wa mtaa anagonga muhuri, karatasi inakunjwa inawekwa chini ya godoro. Nilimuuliza barabara aliiacha wapi. Akaninyooshea kidole njia ya miguu. "Mwanangu, mimi nilikuwa nauza shamba. Hakuna aliyenunua barabara."

Hapo ndipo nilipoelewa ugonjwa wenyewe. Kila muuzaji anauza chake, kila mnunuzi ananunua chake, na njia, shule, zahanati na mfereji ni mali ambayo haina muuzaji wala mnunuzi. Dar ilichorewa mipango mikubwa 1949, 1968 na 1979. Baada ya huo wa 1979, miongo ikapita bila mwingine kuidhinishwa. Watu wa mkoa walikuwa 843,090 kwenye sensa ya 1978. Kufikia 2012 walikuwa wamezidi mara tano. Watu hao hawakusubiri ramani. Makadirio ya siku nyingi yanasema asilimia 70 hadi 80 ya wakazi wa jiji wanaishi kwenye makazi yasiyopangwa, na ukikaa kwenye baraza la mzee yule huoni la kubisha.

Jirani yake ni mlinzi kwenye nyumba ya Masaki. Anaondoka saa kumi alfajiri, anabadilisha gari mara mbili, na nauli yake kwenda na kurudi ni kama 4,000. Kwa mwezi zaidi ya laki moja, na mshahara wake haufiki laki tatu. Kiwanja alinunua kwa sababu kodi ya chumba Mwananyamala ilimshinda. Akaniambia neno ambalo sikuweza kulijibu: watoto wake wadogo wanamwona Jumapili.

Maji nayo. Dumu la lita 20 linauzwa 300, na la kisima chenye chumvi ni rahisi kidogo. Uniti moja ya maji ya bomba ni lita 1,000, yaani madumu 50. Piga hesabu: anayenunua kwa dumu analipa 15,000 kwa maji ambayo mwenye bomba mjini anayapata chini ya 2,500. Bomba la maji kutoka mto Ruvu haliwezi kukimbia kwa mwendo wa dalali.

Wapo wanaosema kila mji duniani unatanuka, mbona Marekani nao? Kweli, Atlanta na Houston zimetawanyika sana. Lakini waliohamia pembezoni kule walikuwa tayari na gari, na barabara kuu iliwatangulia au ilikwenda nao. Zingiziwa watu wameishi umbali wa gari wakiwa na miguu tu. Ndiyo maana mimi nasema miji inayoumia zaidi ni hii yetu: tambarare isiyo na mlima wala ziwa la kuizuia, inayokua haraka, ardhi yake ya pembeni ni shamba la mtu, na mkopo wa nyumba ni ndoto kwa wengi. Asiye na mkopo hajengi ghorofa. Anajenga chumba kimoja mwaka huu, cha pili mwaka kesho, na kwa ujenzi huo anahitaji ardhi yake mwenyewe, hata iwe mbali kiasi gani.

Kwa wanaokuja: bodaboda za Chanika wanajua njia kuliko ramani ya simu. Vaeni viatu vya kuhimili tope. Mama ntilie wa karibu na stendi anauza wali maharage na mchicha kwa 2,500, na ukimwambia umetoka mbali anakuongezea bila kuuliza.

Alhamisi: Toangoma, Vikindu, Kigamboni

Nilipita njia ya Msongola na Mbande hadi Mbagala Rangi Tatu, kisha barabara ya Kilwa. Toangoma ni mojawapo ya maeneo ya mradi wa viwanja 20,000 ulioanza 2002. Mitaa imenyooka, nilifurahi kuiona. Lakini viwanja ni vikubwa, vingine bado vina majani na ukuta tu, vinasubiri bei ipande. Kupima peke yake hakutoshi ikiwa kila kiwanja ni cha familia moja na bustani. Nguzo na bomba vinapita mbele ya majani, na gharama ni ile ile.

Vikindu, ndani ya Mkuranga, mama wawili wanaouza madafu walibishana kwa upole kama pale ni Dar au siyo. Mmoja akasema nauli ndiyo inayojua. Jioni nilivuka Kigamboni kwa pantoni kwa 200. Daraja limekuwepo tangu 2016, na toka hapo ujenzi umekimbilia Kibada na kwingineko. Sikuzunguka sana, miguu ilikataa. Nilikula pweza wa kuchemsha Kivukoni nikaenda kulala.

Ijumaa: Treni hadi Morogoro

SGR, daraja la kawaida, 13,000. Njooni mapema na kitambulisho, milango hufungwa kabla ya muda wa kuondoka na hawasikilizi maombi. Chini ya saa mbili nilikuwa Morogoro. Dirishani niliangalia pale Dar inapokwisha: baada ya Pugu unapata msitu kidogo, kisha karibu na Soga vibao vya viwanja vinaanza tena.

Morogoro ina bahati ya Uluguru. Upande wa kusini mji umegota mlimani na haujasogea sana. Ukisimama sokoni unaona mji wenye ukingo. Lakini geuka kaskazini: Kihonda, Mkundi, tambarare, na hadithi ni ile ile ya mzee wa Zingiziwa ikiwa changa. Nilikula ndizi za mlimani na parachichi kubwa kwa 1,000, nikalala kwa mwenyeji wa rafiki yangu aliyenipokea kama ndugu na asubuhi akanisindikiza hadi stesheni.

Jumamosi na Jumapili: Dodoma

Dodoma nilifikia kwa binamu yangu, Nzuguni. Jumamosi ni mnada wa Msalato, na kama uko Dodoma siku hiyo usikose. Nyama ya mbuzi ilitukalisha pale hadi alasiri.

Nilidhani Dodoma itanipa faraja, maana huu ni mji uliopangwa tangu mwanzo. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu ulifanyika 1973, CDA, mamlaka ya kuustawisha mji mkuu, ikaundwa, na mpango wa 1976 ukachorwa na kampuni ya Toronto, Project Planning Associates, ile ile iliyochora mpango wa Dar wa 1968. Walitaka mji wa makazi yaliyoachana, mfano wa vijiji, yakiunganishwa na njia za mabasi. Vijiji vilikuja. Mabasi ya kutosha hayakuja. Jiji la Dodoma lina eneo la zaidi ya kilomita za mraba 2,500, kubwa kuliko mkoa mzima wa Dar ambao ni kama 1,400, na watu wake mwaka 2022 walikuwa 765,179. Mji wa Serikali wa Mtumba uko takriban kilomita 17 kutoka katikati. Barabara ya mzunguko wa nje ina urefu wa kilomita 112.3, na binamu yangu ananiambia kila kijiji kinachoguswa nayo kimeshapata madalali.

Tulizunguka kwa gari la rafiki yake Jumapili yote na mafuta yakatugharimu 40,000. Ihumwa, Iyumbu, Ilazo, Nkuhungu. Barabara nyingi ni nzuri na bikoni, zile alama za mipaka ya viwanja, zipo, hilo lazima nilisifu. Dodoma hutapita kwenye ua wa mtu. Lakini maji ya mji huu wa ukame yanategemea sana visima vya Mzakwe, na kila mtaa mpya ni kilomita nyingine za bomba kwa watu wachache. Binamu hupata maji kwa mgao. Nimeweka Dodoma nafasi ya pili katika miji inayoumia: ina ramani, ila ramani yenyewe iliutawanya mji kabla haujapata watu.

Jumatatu: Basi hadi Mwanza

Vumbi, usingizi, mahindi ya kuchoma Nzega. Basi lilipasuka tairi, tukakaa saa nzima kivulini, na abiria mmoja mwenye mtoto akagawana nasi karanga zake zote.

Jumamosi iliyofuata: Kisesa

Sisi wa Mwanza tumezoea kulalamikia mawe. Nyumba za Mabatini na Igogo zimepanda miamba, maji yanabebwa kichwani kwa ngazi za mawe, na mvua kubwa inatisha. Siwezi kusema wale hawateseki. Ila mtu wa Mabatini anashuka kwa miguu hadi kazini, na mwanawe anamwona kila jioni. Mawe na ziwa vimetubana karibu na kazi zetu. Sasa mji umeshaanza kuyaruka mawe kwenda Buhongwa, Usagara na Kisesa, kwenye tambarare, na Kisesa iko wilaya ya Magu, siyo jijini. Mpaka umevukwa hapa kama ulivyovukwa Mapinga na Vikindu.

Tulikwenda na mdogo wangu. Muuzaji, mama mtaratibu sana, alitukaribisha uji kwanza. Kiwanja kiko nyuma ya vingine vitatu. Nikamuuliza njia. Akaonyesha upenyo wa watu wawili kupishana. Nikamwonyesha picha za Zingiziwa kwenye simu, moja moja, ile ya pikipiki kwenye tope na ile ya madumu. Aliziangalia muda mrefu, akamwita mwanawe mkubwa naye aone.

Wenye mashamba yanayopakana ni ndugu wanne. Mwanawe akasema wakikaa pamoja kila mmoja anaweza kukata mita tatu kwenye mpaka wake kabla ya kuuza kinachobaki, na gharama ya mpima wachange wanunuzi. Mwenyekiti hakupinga, alitaka tu liandikwe na liwekewe muhuri kabla ya kiwanja kingine kuuzwa. Wameitisha kikao Jumapili ijayo baada ya ibada. Mdogo wangu hajatoa hata shilingi, na ameshakubali kusubiri. Kama una shamba au kiwanja kuanzia Kisesa kwenda Bujora, njoo kikaoni na jirani yako.